Ushauri: Fundi umeme mpya Mbeya, nitapataje watu wa kunielekezea wateja?

Fundi wa Nzovwe
Habari za jioni wakuu. Mimi ni fundi umeme, nipo Mbeya mjini. Nimefanya kazi chini ya bosi mmoja miaka 6, Februari mwaka huu tukaachana kwa amani nikaanza kujitegemea. Ufundi ninao, kazi ndiyo hakuna. Mwezi wa kwanza nilipata nyumba 3, uliofuata 1, sasa wiki ya tatu nashinda Kabwe na begi la vifaa, simu haiiti. Mke wangu ana ujauzito wa miezi 7 na kodi inaisha mwezi ujao.

Kuna mwenye hadwea pale Mwanjelwa amenipa wazo: kila mteja atakayeniletea nimpe asilimia 10 ya hela ya ufundi, na vifaa vyote nichukue kwake. Naombeni ushauri. Madalali, mafundi wenzangu, wenyeviti wa mitaa, nianze na nani?

Mama Uporoto
Pole mdogo wangu, hongera kwa ujauzito. Mimi nilianza na magunia 2 ya viazi pale Uyole. Nilikuwa nakimwaga kiazi chini mbele ya mteja, kilichoota kijani nakitoa mwenyewe kabla hajakiona. Leo watu wa Dar wananitumia hela mzigo haujafungwa. Mtu anayekuamini ndiye atakayekusemea kwa mwenzake. Tena mwambie mkeo asibebe ndoo.

Mwashi Iwambi
Dogo, dalali anaiona nyumba ikiwa imeshaisha. Anayeiona kwanza ni sisi waashi. Mabomba ya waya na maboksi lazima yaingie ukutani kabla ya lipu, kwa hiyo mwenye nyumba akikaribia lipu ananiuliza mimi, "una fundi umeme unayemjua?" Njoo saiti, na usije na habari za asilimia. Ninayempa kazi ni yule anayekata ukuta wangu kwa mashine, mstari umenyooka. Wengine wanapiga nyundo mpaka tofali linapasuka, halafu lawama nabeba mimi. Huyo wangu akimaliza anafagia, na akisikia mtu anataka uzio ananipigia. Mwaka wa nne huu, hatujawahi kupeana hata mia.

Kijana wa Tunduma
Umpe asilimia 10 na vifaa ununue kwake? Huyo ni msumeno, anakata kwenda na kurudi 😂

Fundi wa Nzovwe
Asanteni. Mkuu Mwashi nimekuelewa, ila waashi ninaowajua wote ni wa bosi. Huyu wa hadwea tumeshakubaliana, kuvunja ahadi sasa itakuwa vibaya.

Mzee wa Sokomatola
Swali dogo, kijana wangu. Hizo nyumba 4, fomu za TANESCO kagonga mhuri nani?

Fundi wa Nzovwe
Shikamoo mzee. Hilo halina shida, mimi nauliza habari ya wateja.

Mzee wa Sokomatola
Marahaba. Nimefunga umeme mji huu tangu mtaa wa Soweto una mashamba, nakwambia hilo ndilo swali lenyewe. Maombi ya umeme yanataka mchoro na mhuri wa mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji. Unayo?

Fundi wa Nzovwe
Sina, mzee. Cheti cha VETA ninacho, nilimaliza 2022, leseni bado. Nyumba 3 za kwanza bosi alinigongea. Ya nne, iliyopo Isyesye, akakataa. Yule mama alikuwa mteja wake, lakini alinipigia mwenyewe, namba yangu alikuwa nayo. Nikamfanyia kwa bei ya chini kidogo. Sikumfuata mimi. Na miaka 6 yote mimi ndiye niliyekuwa natoboa kuta, bosi anakuja siku ya kukabidhi.

Mwenye hadwea ana mtu wa kunigongea kwa 80,000 kila nyumba. Sijaonana naye, ila nimeshatoa nusu.

Shemasi wa Mbalizi
Kwa hiyo ile "kwa amani" ilikuwa uongo. Umekula ugali wa mtu miaka 6, amekupa ujuzi mkononi, kisha unamchukulia mteja kwa kushusha bei. Kaombe radhi kwanza, kazi utazitafuta baadaye.

Jicho la Kabwe
Wakuu hii ni chai, hadithi ya kutunga. VETA kamaliza 2022, miaka 6 na bosi kaitoa wapi? Na mke mjamzito hakosekani kwenye nyuzi za aina hii. Kesho atatuwekea namba ya kuchangiwa. Kama ni fundi kweli atuambie swichi ya ngazi, taa moja swichi mbili, inafungwaje. Asiende kugugo.

Kijana wa Tunduma
Chai ya maziwa kabisa.

Fundi wa Nzovwe
Nilianza kwa bosi kama kibarua wa kuchimba kuta, VETA nikaenda nikiwa kwake, na ada ya muhula mmoja alinilipia yeye. Sihitaji mchango wa mtu.

Swichi ya ngazi: waya wa moto unaingia komoni, ile skrubu ya pamoja, ya swichi ya chini. Waya mbili zinapanda mpaka swichi ya juu. Komoni ya juu inakwenda kwenye taa. Nyutro haigusi swichi yoyote, inakwenda kwenye taa moja kwa moja.

Mwashi Iwambi
Huyu ni fundi. Jicho, tuombe radhi.

Jicho la Kabwe
Ufundi sawa, nimekubali. Ila mtu kakulipia ada halafu umemfanyia hivyo? Hiyo sehemu ndiyo nilitamani iwe chai.

Mzee wa Sokomatola
Mwacheni. Kijana, mtu anayegonga mhuri kwenye nyumba asiyoiona, siku ikiungua hutampata kwenye simu. EWURA wana ofisi ya kanda hapa hapa Mbeya. Nenda na cheti chako, wakuambie daraja gani la leseni linakufaa na vitu gani vinapungua. Wakati unasubiri, unahitaji mwenye leseni wa kukusimamia, na anayezijua kazi zako ni mmoja tu. Waashi unaosema ni wa bosi nao watakuuliza habari zake kabla hawajakupa nyumba.

Fundi wa Nzovwe
Hapokei simu zangu, mzee.

Mzee wa Sokomatola
Simu ya nini? Nenda kwake asubuhi kabla hajatoka, na ile tofauti ya bei ya Isyesye uiweke mezani. Halafu niambie, ethi ya hiyo nyumba, ile fimbo ya kupeleka umeme unaovuja ardhini, umeipigilia wapi?

Fundi wa Nzovwe
Nyuma ya jiko, pana unyevu.

Mzee wa Sokomatola
Umeipima?

Fundi wa Nzovwe
Hapana mzee. Kipimo anacho bosi.