Re: mama yuko Zurich, tumpeleke kijiji gani?

Asalaam aleikum wanajumuiya. Mama yangu amekuja kutoka Tanga, yupo kwetu Zurich wiki tatu, ziwa ameshaliona na maduka amechoka, anataka kuona watu wa huku wanaishije kijijini. Tuna watoto wawili, na magoti ya mama hayataki vilima. Wapi jamani?

---

Waaleikum salaam dada, mpe mama shikamoo yangu. Mpelekeni Guarda, bonde la Engadin, kule mashariki mwa Uswisi karibu na Austria. Mimi nimeenda mara tatu. Treni mpaka Landquart, mnabadilisha mnapanda ile nyekundu ya kwenda Scuol, inapita ndani ya mlima kwenye handaki la Vereina kilomita 19, watoto watafurahi. Mkishuka stesheni ya Guarda msijaribu kupanda kwa miguu, kijiji kiko juu, mita kama 1,650, pandeni basi la njano na muangalie kabisa saa ya basi la mwisho.

Sasa nyumba zenyewe, hizi sio zile za mbao za kwenye picha za chokoleti. Ni kuta nene za mawe zimepigwa plasta ya chokaa, na fundi anafanya hivi, anapiga plasta ya kijivu ya chokaa na mchanga, juu anapaka chokaa nyeupe, alafu kabla haijakauka anakwangua kwa chuma ile kijivu ya chini itokee, anachora maua, mawimbi, mpaka viumbe vya baharini na bahari yenyewe iko mbali huko! Wanaita sgraffito. Madirisha ni madogo ila ukuta umekatwa mshazari, nje mpana ndani unabana, mwanga unaingia baridi inabaki nje. Na pembeni ya mlango kuna benchi linaloangalia njia, yani baraza kabisa, mama atajiona yuko nyumbani.

Mlango ni mkubwa manake mkokoteni wa majani ulikuwa unapita humo humo ndani ya nyumba mpaka ghalani nyuma. Wanajeshi wa Austria walivichoma vijiji vya bonde lile 1622, kwa hiyo nyingi mnazoziona zimejengwa baada ya hapo, na 1975 kijiji kilipewa tuzo ya Wakker kwa kuzitunza. Ila watu wanaishi mle, msichungulie madirishani, salimieni tu "Allegra", ndio salamu yao ya Kiromanshi, lugha ya kule.

---

Naongezea kidogo. Kata kadi ya treni ya watoto kwanza, faranga 30 kwa mwaka kila mtoto, miaka 6 mpaka 16 anapanda bure akiwa na mzazi. Jumapili usitegemee duka, bebeni chakula. Capuns, yani unga uliofungwa kwenye majani ya mboga, ulizeni kabla, mara nyingi ina nyama ya nguruwe, ila keki ya jozi ya kule mama ataipenda sana na chai.

---

Mimi ni fundi plasta, niko huku mwaka wa nane, na naomba niseme kuhusu hiyo chokaa. Inakauka kwa kuvuta hewa na kurudi kuwa jiwe, ndo maana fundi ana masaa machache tu, akichelewa chuma kinabandua vipande badala ya kukwangua. Na ukuta kama ule usiuzibe kwa saruji, unyevu unakosa pa kutokea, plasta inaanguka. Nyumbani tunafanya kosa hilo hilo kwenye nyumba za mawe na mimi linaniuma kweli. Mwambie mama aguse ukuta, kwa upole.

---

Ahsanteni sana jamani, tunaenda Jumamosi. Nimemsomea mama yote, kaniuliza chokaa wanachoma nini na matumbawe ya kuchoma kama kwetu pwani hawana?

---

Mwambie wanachoma mawe ya mlimani mama. Ila tanuu ni kuni vile vile, zamani.