Naomba ushauri: jumuiya, kwaya na ukweni vyote viko juu yangu, na Jumamosi maji yameharibu daftari la michango ya watu

Mwalimu wa Mkolani (mwanzilishi wa uzi)

Tumsifu Yesu Kristo, na kwa wasio wa kanisa langu, salamu zangu ziwafikie kwa heshima ile ile. Nimekuwa msomaji wa jukwaa hili kwa muda mrefu bila kuandika, lakini leo nimefika mahali ambapo siwezi kuamua peke yangu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mama wa watoto watatu, na ninaishi Mkolani, hapa Mwanza, upande wa mlimani. Mume wangu ni dereva wa lori, na mara nyingi hukaa safarini siku kumi au zaidi. Katika jumuiya yetu ndogondogo, yaani kikundi cha sala cha majirani Wakatoliki, yenye familia 28, huu ni mwaka wangu wa sita wa kuwa mweka hazina, ingawa nilichaguliwa kwa miaka mitatu tu. Kipindi kilipokwisha mwenyekiti aliuliza ni nani aliye tayari kupokea, watu wakainamisha vichwa, nami nikasema basi nitaendelea kidogo. Ninaimba pia katika kwaya ya kigango, yaani kanisa letu dogo lililo chini ya parokia, na mazoezi yetu ni Jumatano na Ijumaa jioni. Kwa upande wa ukweni, ambao ni Sengerema ng'ambo ya ziwa, wanakoishi mawifi zangu watatu, mume wangu ni mtoto wa kwanza, kwa hiyo mimi ndiye mkamwana mkubwa ambaye asipokuwapo jikoni shughuli huhesabiwa kuwa haijaandaliwa.

Jumamosi iliyopita sala ya jumuiya ilianza saa 12:30 asubuhi, na baada ya hapo nilitakiwa kuwahi Sengerema saa nne kwa kikao cha kipaimara cha mtoto wa wifi yangu. Huku kwetu maji huja kwa mgao. Ijumaa usiku mwanangu wa pili alifungua koki ya jikoni kuangalia kama maji yamerudi, hayakuwapo, akaenda kulala akiwa ameiacha wazi, na ndani ya sinki kulikuwa na sahani zilizoziba tundu. Maji yalirudi asubuhi tukiwa tumetoka wote isipokuwa binti yangu mkubwa, ambaye alikuwa bado amelala. Alipoamka maji yalikuwa yamejaa jikoni na sebuleni. Akafunga koki kwa nguvu mpaka kichwa chake kikang'oka, maji yakaanza kuruka, na hakujua pa kuyazima. Jirani mmoja ndiye aliyeingia na kuyafunga kule kwenye mita.

Kabati la sebuleni lina rafu ya chini, na hapo ndipo ninapoweka daftari la michango ya jumuiya, likiwa na kumbukumbu za shilingi 1,160,000 ambazo watu wametoa kwa ajili ya paa la kigango. Fedha zenyewe ziko salama, nyingi ziko benki, lakini wino umesambaa na kurasa zaidi ya kumi hazisomeki vizuri. Isitoshe, maji yaliteremka mpaka kwa jirani wa chini ambaye alikuwa ametandaza dagaa zake za biashara, alizozinunua Mwaloni Kirumba siku iliyotangulia, na sehemu kubwa zimelowa na kuharibika.

Sengerema nilifika saa saba mchana. Mama mkwe hakunigombeza, aliniuliza tu mbele ya watu: "Mayu, daraja limekwisha kujengwa, sasa unacheleweshwa na nini?" Nilikosa jibu, nikaingia jikoni nikaosha vyombo huku ninalia.

Maswali yangu ni mawili. Kwanza, niache kipi kati ya haya, na nikiacheje bila kuonekana ninaikimbia kazi ya Mungu au ninaudharau ukoo ulionipokea? Pili, nifanye nini kuhusu daftari? Taarifa ya fedha inatakiwa Jumapili mbili zijazo, na nimeshaanza kuogopa watu watasema kwamba maji yamezibeba fedha zao.

Bibi wa Nyegezi

Milele na milele, amina. Mwanangu, pole sana. Naanza na swali lako la pili kwa sababu hilo lina siku zinazohesabika, na kwa sababu nilifanya kazi ya karani wa masijala kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, kwa hiyo nimewahi kuokoa majalada yaliyoloweshwa na mvua.

Usilianike daftari juani. Jua kali hufifisha wino na kuzikunja kurasa. Liweke kivulini penye upepo, tenganisha kurasa taratibu wakati bado zina unyevu kidogo, na kati ya kila kurasa mbili weka karatasi nyeupe zinazofyonza maji, ukizibadilisha kila baada ya saa chache. Magazeti yatumie pale tu unapokosa kingine, kwa sababu wino wake huweza kugusa karatasi iliyolowa. Likikauka, piga picha ya kila ukurasa kwa simu, ukiinamisha taa upande mmoja, kwani alama ya peni iliyokandamizwa kwenye karatasi huonekana hata pale ambapo wino umeondoka.

Usijaribu kamwe kuandika upya juu ya maandishi ya zamani, wala usilitupe hilo lililoharibika. Nunua daftari jipya, na uhamishe kumbukumbu mbele ya mwenyekiti na mwanajumuiya mmoja ambaye si kiongozi. Pale pasiposomeka, andikeni wazi kwamba hapasomeki, kisha ombeni familia husika ilete kadi yake, stakabadhi au ujumbe wa muamala ulio kwenye simu. Mwishoni mtie sahihi wote watatu.

Lakini kabla ya hayo yote, mpigie mwenyekiti simu usiku huu huu. Habari ya daftari ikitoka kinywani mwako leo ni ajali. Ikitoka kinywani mwa jirani siku ya Alhamisi itakuwa na jina jingine, nawe hutaweza kulifuta.

Fundi Bomba, Igoma

Dada, pole. Mimi si mjuzi wa mambo ya kanisa, ila maji nayajua. Nyumba za milimani hapa Mwanza zina tabia hii: wakati wa mgao bomba hujaa hewa, maji yakirudi yanaisukuma ile hewa kwa nguvu, na koki iliyochoka haihimili. Kichwa kilichong'oka si kosa la binti yako. Kilikuwa kimekwisha kuliwa ndani. Badilisheni koki hiyo, pamoja na nyingine yoyote inayodondosha, na kama mna tangi, hakikisheni boya lake linafunga sawasawa. Pia kagueni soketi za umeme zilizo karibu na sakafu kabla ya kuzitumia, na mpaka fundi umeme azione, zimeni umeme wa upande huo.

Nina swali moja ambalo huwauliza wateja wangu wote baada ya mafuriko ya ndani. Ukiondoa wewe na mumeo, ni nani mwingine hapo nyumbani anayejua mahali ilipo koki kuu na namna ya kuifunga?

Mwalimu wa Mkolani

Shikamoo Bibi, na asante sana. Nimeshazungumza na mwenyekiti. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kesho asubuhi atakuja nyumbani.

Kaka Fundi, swali lako limenikaa moyoni tangu nilisome. Jibu ni kwamba hakuna. Binti yangu ana miaka 14, anaweza kupika na kusimamia wadogo zake, lakini sijawahi kumwonyesha koki ile, kwa sababu siku zote nimekuwa naifunga mwenyewe. Halafu nikafikiri kwamba hata katika jumuiya hakuna mtu mwingine aliyewahi kulifungua daftari lile kwa miaka sita. Mwenyekiti husaini tu pale ninapomwonyesha.

Kaka wa Busisi

Dada yangu, mimi ni mzaliwa wa upande huo wa ukweni kwako, kwa hiyo niruhusu niseme jambo ambalo mgeni hawezi kuliona. Zamani tulipokuwa tukivuka kwa kivuko cha Kigongo–Busisi, foleni ilikuwa ni udhuru unaokubalika. Mtu akisema alichelewa kivukoni, wazee walimpa maji ya kunywa na kumwonea huruma, na akishindwa kabisa kufika, walielewa. Tangu daraja la kilomita 3 lilipofunguliwa Juni 2025, ule udhuru umekufa, na wazee wetu wanahesabu kwamba mtoto aliyeko Mwanza sasa ni kama yuko kijiji cha pili. Vikao vilivyokuwa viwili kwa mwaka vimekuwa kila mwezi. Sidhani kama mama yetu alikusudia kukuaibisha. Yeye anaona barabara imefupika, lakini haoni kwamba siku yako haikurefushwa.

Hata hivyo, kumweleza hayo si kazi yako, ni kazi ya mumeo. Ukisema wewe, utaonekana mkamwana mvivu; akisema yeye, ni mtoto wa kwanza anapanga mambo ya nyumba yake. Akiwa safarini simu anayo. Ampigie mama yake, amweleze yaliyotokea Jumamosi, na aombe kwamba uhudhurie shughuli zenyewe, yaani kipaimara, harusi na msiba, lakini katika vikao vya maandalizi mtume mchango wenu na maoni kwa simu. Na hao mawifi zako watatu wanaoishi pale pale Sengerema, kwa nini mmoja wao asiwe msimamizi wa jiko?

Sauti ya Tatu, Kirumba

Nakubaliana na mengi yaliyosemwa, lakini naomba nipinge jambo moja kabla halijaota mizizi. Naona uzi unaelekea kukushauri uyaache ya kanisani. Usiache kwaya. Mwaka nilipofiwa na mume wangu, wanakwaya walilala kwangu siku nne, walibeba maji, walipika, na hawakuondoka hata baada ya ndugu zangu wa damu kurudi kwao. Kuimba ndiko kulikonirudishia usingizi. Kazi ya hazina inakuchosha kwa sababu ni mzigo wa hesabu na lawama, lakini kwaya inakurudishia nguvu, na ukizipima zote kwa mizani moja utakata tawi ambalo umelikalia. Kama mazoezi mawili kwa wiki ni mengi, mwombe mwalimu wa kwaya uhudhurie moja kwa miezi michache.

Katekista Mstaafu, Buhongwa

Mama, umeuliza namna ya kuacha bila kuonekana unaikimbia kazi ya Mungu. Nisome nawe sura ya 18 ya Kitabu cha Kutoka. Musa aliketi kuwaamua watu tangu asubuhi hata jioni, na Yethro, mkwewe, alipoona hayo alimwambia kwamba jambo lile si jema, kwa kuwa angedhoofika yeye pamoja na watu wake. Tazama kwamba Yethro hakumwambia Musa aache. Alimwambia achague watu waaminifu, awaweke wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi, na yeye abaki na yale mazito. Napenda pia uone kwamba aliyesema hayo alikuwa ni mtu wa ukweni.

Maaskofu wetu wa Afrika Mashariki walipokazia jumuiya ndogondogo katika miaka ya 1970, nia mojawapo ilikuwa kwamba kazi zigawanywe kwa waamini wengi walio karibu karibu, zisibaki kwa wachache. Jumuiya yenye familia 28 ambayo mtu mmoja ndiye anayeijua hesabu yake imepungukiwa, hata kama mtu huyo ni mwaminifu kama wewe. Na usisahau kwamba Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, mwaka 1964, uliiita familia kuwa kama kanisa la nyumbani. Unapobaki nyumbani kukausha sakafu na kuwafariji watoto waliotishika, hujaondoka kanisani.

Namna ya kufanya ni hii: usijiuzulu kwa ujumbe wa simu, na usiache kuhudhuria kimya kimya. Siku ya kusoma taarifa, baada ya mahesabu kupokelewa, simama uombe uchaguzi wa mweka hazina na msaidizi wake, na utaje muda wa makabidhiano. Watu wakiinamisha vichwa kama ile mara ya kwanza, wewe nyamaza. Ukimya ule utawasumbua, na ni lazima uuache uwasumbue, kwa maana mara iliyopita uliujaza wewe.

Mwalimu wa Mkolani

Wapendwa, nimerudi baada ya siku kumi kama nilivyoona inafaa, maana mlinipa muda wenu.

Daftari lilikaushwa kama Bibi alivyoelekeza, na ule mwanga wa pembeni umetusomea kurasa nyingi kuliko tulivyotegemea. Tulikaa watatu sebuleni kwangu jioni mbili mfululizo. Familia 26 zimethibitisha michango yao. Mbili zinasema zilitoa zaidi ya kinachosomeka, na jumla ya tofauti ni shilingi 15,000. Nilitaka nizilipe kutoka mfukoni ili mambo yaishe, lakini mwenyekiti amesema tusubiri.

Mume wangu amezungumza na mama yake. Sijui yote waliyoambiana, ila Jumapili mama alinipigia simu kuulizia watoto, na akataja kwamba jiko la kipaimara atalisimamia wifi wa pili. Sauti yake bado haijawa ile ya zamani. Nitakwenda siku ya kipaimara yenyewe, na nitamchukulia sato wawili wakubwa.

Jirani wa dagaa nimemlipa nusu, nusu nyingine mwisho wa mwezi, na amekubali kwa moyo mweupe. Binti yangu sasa anaijua koki kuu. Tulikwenda wote wanne, hata mdogo wa miaka mitano aliifunga na kuifungua.

Kwaya sijaacha. Taarifa inasomwa Jumapili hii.

Bibi wa Nyegezi

Mwenyekiti wako amesema kweli, mwanangu. Hizo 15,000 usizilipe. Ukizilipa kimya kimya, umekiri kosa ambalo hukulitenda, na daftari jipya litaanza likiwa na namba isiyo na maelezo. Ziandikwe kama tofauti, majina ya familia mbili yatajwe kwa idhini yao, na kikao ndicho kiamue. Na utakapoomba uchaguzi, lishike hilo daftari la zamani mkononi, watu walione.