Naomba ushauri wa setapu: 911 GT3 R nyuma inachomoka nikiingia kona za Spa

Kona ya Mwisho

Wakuu, habari za muda huu. Niko kwenye Assetto Corsa Competizione, ule mchezo wa kompyuta wa mbio za magari, naendesha Porsche 911 GT3 R ya 2019. Tuna mbio za saa moja kwenye uwanja wa Spa, Ubelgiji, na gari bado halijakaa sawa.

Nikiingia kona ya Bus Stop, nyuma inataka kunipita. La Source hivyo hivyo. Nikibreki gari likiwa limenyooka halina neno; linachomoka pale ninapoanza kukata usukani huku naachia breki. Lakini nikifika kona ya Pouhon mambo yanageuka: pua haiingii, gari linakwenda pembeni tu mpaka niachie mafuta.

Nimeanza na ile setapu (mipangilio ya gari) kali inayokuja na mchezo, nikaongeza bawa la nyuma klik mbili ili nyuma itulie. Bus Stop sijaona tofauti, Pouhon pua imezidi kugoma. Upepo wa matairi yakishapata moto ni PSI 26.5 mbele na 27.8 nyuma. Mazoezini naweka mafuta lita 30.

Nianzie wapi? Nimesoma maelezo mengi, kila mtu anataja kitu chake, na sitaki kugusa kila kitufe kwa kubahatisha. Natanguliza shukrani.

Fundi Difu

Mkuu, umeeleza vizuri. Wengi huja na "gari linateleza" basi, hujui linateleza wapi.

Kabla ya chochote, upepo. Matairi ya lami kavu ya magari ya GT3 kwenye mchezo huo yanataka kati ya 26 na 27 yakiwa moto. Nyuma uko 27.8, tairi limejaa kupita kiasi, eneo linaloshika lami limepungua, na hiyo peke yake inatosha kukufanya uone nyuma ni nyepesi. Shusha nyuma kama PSI 1.2, zunguka mpaka namba zitulie, ndipo uangalie tena. Ukirekebisha springi wakati upepo haujakaa sawa, unarekebisha kitu ambacho kesho kitabadilika.

Na uangalie joto la hewa la hiyo sesheni. Nyuzi moja inasogeza upepo kwa takriban 0.1 PSI. Mbio zikianza mchana na kuishia jioni, joto likishuka nyuzi 5, nusu PSI imekwenda.

Gia ya Tatu

Bawa rudisha lilipokuwa. Bawa linafanya kazi kwa mwendo. Mkandamizo wa hewa unapanda kwa kipeo cha pili cha kasi, maana yake gari likiwa 200 km/h linakandamizwa mara nne ya likiwa 100 km/h. Bus Stop na La Source ni kona za taratibu, bawa halina la kukusaidia pale. Pouhon unaingia kwa kasi, na huko ndiko klik zako mbili zimeikandamiza nyuma huku pua ikibaki nyepesi. Ndiyo maana umeona hivyo ulivyoona.

Kwa hiyo una matatizo mawili tofauti. La kona za taratibu liko kwenye breki, difu (gia inayogawa nguvu kwa magurudumu mawili ya nyuma), springi na stebilaiza (chuma kinachozuia gari kulala upande). La Pouhon liko kwenye hewa: bawa na urefu wa gari kutoka chini. Usiyachanganye.

Kwa Bus Stop mimi ningesogeza mgawanyo wa breki mbele kwa asilimia moja tu. Injini ya 911 iko nyuma kabisa, ndiyo sababu gari hilo huwekewa breki nyingi nyuma kuliko magari ya injini mbele, na ukiachia vibaya nyuma inakuadhibu. Ukisogeza sana mbele, matairi ya mbele yatabeba kazi yote na kona haitaingilika, kwa hiyo nenda kidogo kidogo.

Mama wa Telemetri

Kaka, kabla hujagusa breki na difu, fungua MoTeC, ile programu ya kuchora data za gari. Chukua raundi moja safi, angalia mstari wa breki ukiingia Bus Stop. Nataka kujua kitu kimoja: unaachiaje pedali? Mstari ukishuka kama mteremko, tatizo ni la gari. Ukidondoka ghafla kama ukuta, sehemu kubwa ya tatizo iko kwenye mguu.

Ukibreki, uzito unahamia mbele, pua inazama, matairi ya nyuma yanapungukiwa mzigo. Hapo mbele inashika sana na nyuma kidogo. Ukiachia breki polepole huku usukani unaongezeka, uzito unarudi nyuma kwa utaratibu na gari linageuka lenyewe. Ukiachia kwa mara moja huku usukani tayari umekatwa, uzito unaruka na nyuma haina muda wa kutulia.

Kona ya Mwisho

Nashukuru sana wote. Upepo nimeshusha, sasa nyuma ni 26.7, na nimerudisha bawa. La Source imetulia kabisa. Bus Stop imepungua lakini bado.

Mama wa Telemetri, mstari unashuka vizuri mpaka kama asilimia 20, halafu unakatika. Nyuma inachomoka baada ya hapo, kabla sijakanyaga mafuta.

Mama wa Telemetri

Hiyo ndiyo habari niliyoitaka. Kwa hiyo gari linachomoka kwenye ile nafasi ambayo breki imeisha na mafuta hayajaanza. Hapo Fundi Difu aendelee, jina lake halikuja bure. Wewe fanyia kazi hiyo asilimia 20 ya mwisho, iburute mpaka karibu na kilele cha kona, pale unapogusa ukingo wa ndani.

Fundi Difu

Hapo kweli ni difu. Ule mkazo wa awali wa difu (preload) unasikika zaidi wakati magurudumu hayapokei nguvu ya injini wala breki nzito. Ndiyo ile nafasi yako. Mkazo ukiwa mdogo, magurudumu mawili ya nyuma yanakuwa huru kuzunguka kila moja kwa kasi yake, gari linageuka kirahisi na nyuma inalegea. Ukiuongeza, yanafungwa pamoja na nyuma inatulia. Gharama yake ni kwamba katikati ya kona gari linapenda kwenda moja kwa moja.

Ongeza Nm 20 (Nm ndicho kipimo cha mkazo huo). Ukiona haijatosha, ongeza tena 20. Angalia kona ya Bruxelles, ile ndefu ya kulia inayoteremka. Hiyo ndiyo itakayokwambia umezidisha, kwa sababu unakaa katikati ya kona muda mrefu. Pua ikianza kugoma pale, rudi nyuma hatua moja.

Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati, mafuta yaleyale, raundi kadhaa safi, ndipo uamue. Ukibadilisha difu na breki kwa pamoja, gari likipona hutajua kilicholiponya.

Breki Kavu

Naongeza dogo. Hakikisha usukani wako wa kuchezea haufiki kikomo cha nguvu ya kukurudishia mikononi. Ukiweka nguvu juu sana, kwenye kona nzito injini ya usukani inafika mwisho na huhisi tena tofauti. Nyuma ikianza kuondoka, unaijua kwa macho wakati umeshachelewa. Punguza mpaka kile kipimo cha nguvu kwenye skrini kisijae kila kona.

Gia ya Tatu

Mkuu, hiyo lita 30 ya mazoezi inanitia wasiwasi. Mbio za saa moja Spa utahitaji karibu lita 90. Lita moja ya petroli ni kama kilo 0.75, kwa hiyo utaanza na kilo 45 zaidi ya ulivyozoea, na tangi la 911 liko mbele! Mwanzo pua itakuwa nzito na chini zaidi, mafuta yakipungua itainuka kidogo, na kule Pouhon itaanza kugoma. Setapu ya lita 30 usiipeleke kwenye mbio kabla ya kuijaribu na tangi limejaa.

Kona ya Mwisho

Ndugu zangu, nimeongeza Nm 20, Bus Stop sasa naingia bila hofu na Bruxelles pua bado inafuata. Breki sikuigusa. Nimejaza lita 90 nikazunguka mpaka zikaisha. Kweli kabisa, nusu ya mwisho Pouhon inanitoa nje. Bawa limerudi kule kule. Nipunguze klik moja zaidi?

Gia ya Tatu

Ukipunguza bawa utapata kasi kwenye mnyoosho wa Kemmel, lakini kona ya kasi ya Blanchimont utaingia nyuma ikiwa nyepesi, na pale ukikosea hakuna pa kujiokolea. Mimi ningeacha bawa, nikashusha pua milimita 1. Mkandamizo unasogea mbele kidogo na Pouhon inaingilika. Chunga tu gari lisisugue chini likipita mpando wa Raidillon na tangi limejaa. Likisugua, acha pua ilipokuwa na uinue nyuma milimita 1 badala yake.

Mama wa Telemetri

Naunga mkono. Na hifadhi faili mbili tofauti, moja ya kufuzu yenye mafuta kidogo na moja ya mbio, na kwenye jina uandike joto la hewa na lita. Upepo wa ile ya mbio uupime baada ya raundi nne au tano, siyo raundi ya pili.