Tupeane uzoefu: College Physics ya OpenStax, ile ya bure, inamtosha mtu wa mwaka wa kwanza?

Mwanzisha uzi, Mtwara mjini
Wakuu, semista ndiyo hiyo imeanza na swali ni lile lile. Kitabu cha bure cha Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, kilichotoka 2012, kinamvusha mtu au kinampeleka kwenye sapu (mtihani wa marudio)? Mnaosoma nacho na mnaofundisha nacho mwageni mambo. "Kizuri" na "kibaya" tupu hatutaki, semeni sura ipi na kwa nini.

Mkufunzi wa Maabara, Nachingwea
Sura ya 16, mitetemo na mawimbi, inaeleza vizuri kuliko madesa mengi (nukuu za kunakiliana). Shida inaanzia maabara, kwenye kupima g (mchapuko wa uvutano wa dunia) kwa pendulamu. Kitabu kinasema g ni 9.80, desa linasema 9.81, mwingine anakwambia tumia 10, kwa hiyo mwanafunzi ana jibu mfukoni kabla hajafunga uzi. Mtwara na Lindi tuko karibu na latitudo 10 kusini, na g ya usawa wa bahari huku ni 9.78. Chukua pendulamu ya mita 1 kamili: mibembeo 20, kwenda na kurudi, ni sekunde 40.18. Kwa 9.81 ingekuwa 40.12. Tofauti ni sekunde 0.06, wakati kidole cha binadamu kwenye stopwochi kinachelewa kama 0.2. Sasa wewe unaleta 9.81 safi kwa mibembeo 20, mwalimu afanye nini kama si kucheka?

Kinachoharibu zaidi ni urefu. L inaanzia uzi unapobanwa na inaishia katikati ya goroli, haiishii kwenye kikulabu. Goroli ya kipenyo cha sm 2 ukiipima mpaka juu yake umeshaibiwa sm 1, na g inashuka hadi 9.68. Kitabu kinaruhusu pembe mpaka kama nyuzi 15, lakini kwa pembe hiyo muda wa mbembeo unarefuka kwa asilimia 0.4, na hiyo peke yake inazidi tofauti yote tunayoigombania. Baki kwenye nyuzi 5. Halafu usitegemee urefu mmoja: pima sm 40, 55, 70, 85 na 100, chora T² dhidi ya L, T ikiwa muda wa mbembeo mmoja. Mteremko uje karibu na 4.04. Kama ulikosea pa kuanzia kupima, kosa litajionesha pale mstari unapokata mhimili, mteremko utabaki salama.

Madesa Matupu
Kupika data ni kangomba ya maabara, kama ile ya kununua korosho kwa magendo. Mzani upo, watu wanapima kwa bakuli.

Mwaka wa pili, BSc na Ualimu
😂 Hapo umewagusa wengi.

Kalkulasi Kwanza
Tumuulize kwanza mwenye uzi yuko kozi gani. College Physics ni ya aljebra na trigonometria, haikuficha hilo. Kama mtihani wenu unadai kuintegreti, kuna University Physics ya hao hao, juzuu tatu, bure pia. Mfano ni huu: momenti ya inesha ya fimbo inayozunguka katikati yake. Sura ya 10 inakupa jedwali, ML²/12 (M tungamo, L urefu), basi. Mtihani unasema "onesha". Kuonesha ni kukata kipande dx, tungamo lake ni (M/L)dx, unazidisha kwa x², unaintegreti kutoka −L/2 mpaka L/2. Mistari mitatu tu, ila ukiwa na jedwali peke yake huna hata mmoja.

Mwalimu wa PCB, Lindi
Naomba nitofautiane nawe kaka. Mtu wa diploma au wa kozi za afya ukimbebesha juzuu tatu atakimbia. Wengi hawafeli kwa sababu ya dx, wanafeli kwa sababu hawajachora mchoro wa kani. Huyo aanze na cha aljebra.

Kalkulasi Kwanza
Aanze, asiishie hapo.

Mdau wa Masasi
Mie kero yangu ni sura ya 25, alama za lenzi. Kitabu hiki kinaandika 1/f ni 1/u kuongeza 1/v (f fokasi, u umbali wa kitu, v wa taswira, ingawa chenyewe kinatumia d_o na d_i), umbali wa kitu halisi ni chanya. Vitabu vya India ambavyo kidato cha sita wanavyo kwa wingi vinaandika 1/v kutoa 1/u, na u inaingia na alama ya kutoa. Vyote viwili ni sahihi. Lenzi mbinuko ya fokasi sm 10, kitu kiko sm 15, njia zote zinakupa taswira sm 30 upande wa pili. Balaa ni kuchanganya: kanuni ya India, namba za huku. Unaandika 1/v kutoa 1/15 sawa na 1/10, unapata v ni sm 6. Ukiona taswira halisi imekaa ndani ya fokasi, ujue umechanganya madesa.

Mzee wa Maswali
Kwa hiyo vitabu vya India ndiyo vibaya? Vina maswali kuliko hicho chenu cha picha za rangi.

Mdau wa Masasi
Nimeandika "vyote viwili ni sahihi". Soma taratibu mkuu.

Mzee wa Maswali
Nimesoma. Nimesikia na sauti.

Kemia na Fizikia
Mkimaliza ya lenzi mje na thermodinamiki, sura ya 15. Hapa ΔU (badiliko la nishati ya ndani) ni Q kutoa W, Q ikiwa joto linaloingia na W kazi inayofanywa na gesi. Darasa la kemia wanaongeza, kwa sababu w yao ni kazi inayofanywa juu ya gesi. Gesi ikipewa jouli 500 ikasukuma pistoni kwa jouli 200, ΔU ni 300 kotekote. Kabla ya kugusa namba andika juu ya karatasi W ni ya nani. Msahihishaji hana haja ya kukisia.

Fundi Saketi, Mikindani
Mnaongelea alama za kutoa wakati watu wanachoma maabara. Sura ya 20 inafundisha sheria ya Ohm na betri ambayo haina ukinzani wa ndani. Ukinzani wa ndani unakuja sura ya 21. Anayeishia ya 20 anaamini betri ni betri tu. Betri za tochi zikiisha analeta betri ya gari, si volti 12 tu? Halafu anaweka ameta (kipima mkondo) sambamba na kikinza badala ya mfuatano.

Pigeni hesabu. Betri ya gari ina ukinzani wa ndani kama omu 0.02. Waya na ameta weka 0.04. Volti 12 gawa kwa 0.06 ni ampia 200, wati 2400 jumla, na theluthi mbili zake zinaishia kwenye waya mwembamba na ameta. Kinachofuata kinakwenda haraka: sindano ya ameta inagonga mwisho na kupinda, plastiki ya waya inalainika na kutoa moshi mweupe, klipu inashikana na nguzo ya betri kwa hiyo hata kuichomoa huwezi kwa mkono mtupu. Na betri iliyotoka kuchajiwa imezungukwa na haidrojeni, cheche moja inatosha kupasua boksi na kumwaga asidi. Betri mbili za tochi, hata ukikosea hivyo hivyo, haziwezi kutoa zaidi ya ampia chache.

Mwaka wa pili, BSc na Ualimu
Mungu wangu. Na kwetu betri ya gari iko chini ya meza.

Madesa Matupu
Dawa ni fyuzi. Kama hakuna, chomoa unyuzi mmoja wa waya wa shaba ufunge.

Fundi Saketi, Mikindani
Usimdanganye dogo. Unyuzi huo hujui unakatika kwa ampia ngapi. Weka fyuzi ya ampia 1 karibu kabisa na nguzo chanya.

Bodaboda Msomi
Kuna ya bei rahisi: balbu ya indiketa, volti 12, wati 21, kwa mfuatano. Hata saketi ikipiga shoti, balbu ikishawaka haipitishi zaidi ya kama ampia 1.75, na balbu ikiwaka sana unajua kuna kosa. Fyuzi ikiungua unarudi dukani, balbu inakuonya tu.

Fundi Saketi, Mikindani
Hii nakubali. Ila balbu inabadilisha ukinzani ikipata moto, kwa hiyo volti zipimwe moja kwa moja kwenye kikinza, msipime kwenye betri.

Mwanzisha uzi, Mtwara mjini
Wakuu turudi kwenye kitabu jamani 🙏

Mkufunzi wa Maabara, Nachingwea
Sura ya 14, joto fichi la barafu. Kitabu kinakupa 334 kJ/kg. Maji gramu 200 ya nyuzi 30, barafu gramu 20 ya nyuzi sifuri, mwisho ni nyuzi 20 kamili, ukiacha joto la chombo pembeni. Kwa joto la pwani barafu inaanza kulia ukiwa bado unaipima. Gramu 2 kati ya zile 20 zikiwa maji tayari, unaishia nyuzi 20.7 na jibu linashuka hadi kama 301. Ifute kwa kitambaa kikavu, iingize palepale, halafu pima upya chombo chote ujue uliingiza gramu ngapi. Barafu ya soko la samaki usiitumie, ikishagusa chumvi haiyeyuki kwenye sifuri.

Mwalimu wa PCB, Lindi
Na sura ya 18, umemetuamo, msiipange miezi ya mvua. Hewa ya pwani ina unyevunyevu, chaji inavuja juu ya fimbo kabla hujafika kwenye elektroskopu (kitambua chaji). Anika bomba la PVC na kitambaa cha sufu juani, au uviweke karibu na balbu ya moto, na usilishike bomba upande uliousugua.

Mzee wa Maswali
Na yale maswali ya kitabu ya theluji na magongo ya barafuni?

Mwalimu wa PCB, Lindi
Badilisha. Dafu linadondoka kutoka mita 15: sekunde 1.75, kasi mita 17 kwa sekunde. Hakuna atakayeuliza tena kwa nini tusikae chini ya mnazi.

Steshenari ya Chuo
Kuhusu kuchapa: leseni yake inaruhusu kunakili hata kwa kulipia, mradi chanzo kitajwe, kwa hiyo msituogope. Ila sura ni 34, kurasa zaidi ya 1000. Leteni muhtasari wa kozi tuchape mnazosoma.

Mwanzisha uzi, Mtwara mjini
Basi nianze na ipi?

Fundi Saketi, Mikindani
20 na 21, zibanwe pamoja.

Kemia na Fizikia
Sura ya 1. Watu wanaandika g ni 9.7834512 kwa stopwochi ya mkono.

Steshenari ya Chuo
Yoyote, lakini mbane kwa waya. Gundi huku masika ikifika kurasa zinaachia.