Nilimpeleka mbwa akafundishwe, nimerudishiwa mbwa anayejikojolea kwa hofu

Wakuu, nina hasira na sitaificha.

Mbwa wangu Jeki ana miezi saba. Makosa yake yalikuwa mawili tu: kurukia wageni na kuvuta kamba tukitoka matembezi. Nikampeleka kwa mtu anayejiita mkufunzi, akakaa naye wiki mbili. Siku ya kumchukua jamaa akatamka "Kaa!", Jeki akakaa pale pale, hapepesi jicho. Nikafurahi, nikalipa, nikashukuru na kushukuru.

Jioni ile nyumbani nikainua mkono kuchukua kamba ukutani. Jeki akajitupa chali, mkia kaubana katikati ya miguu, mkojo ukatiririka sakafuni. Nikampapasa shingo, chini ya manyoya nikakuta vidonda vya kola yenye meno ya chuma.

Nikampigia simu. Hakukana! Eti mbwa ana damu ya mbwa mwitu, lazima aoneshwe nani kiongozi wa kundi.

Hilo la kiongozi wa kundi limeumiza mbwa wengi mno. Lilianzia kwa mtafiti Rudolph Schenkel, aliyeandika mwaka 1947 kuhusu mbwa mwitu waliokuwa wamefungiwa pamoja. Mtafiti David Mech akalieneza kwa kitabu chake cha mwaka 1970, kisha akawafuatilia mbwa mwitu porini kwa miaka na mwaka 1999 akalisahihisha yeye mwenyewe: kundi la porini kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao. Familia! Hakuna anayepigania cheo humo. Zaidi ya miaka ishirini imepita na bado mtu analipwa kwa kukaba mbwa shingo.

Na ninyi mnaoshauri mbwa asuguliwe pua kwenye mkojo wake, au achapwe ukirudi ukakuta kiatu kimetafunwa, acheni. Hawezi kuunganisha kipigo cha sasa na jambo la saa mbili zilizopita. "Lakini anaonekana anajua kakosea." Hapana. Alexandra Horowitz, mtafiti wa tabia za mbwa, alilijaribu hilo, matokeo yakatoka mwaka 2009: mbwa walionesha ile sura ya kujuta pale walipokaripiwa, hata wale ambao hawakuwa wamekula chakula walichokatazwa. Anasoma uso wako na anaogopa, basi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba makosa ya Jeki yalikuwa yanarekebishika bila kumgusa. Mbwa akikurukia, geuka, usimtazame, usimsemeshe. Ukimsukuma au kumfokea, kwake ni mchezo umeanza. Miguu yote minne ikitua chini, hapo hapo msifu na umpe kitu anachopenda, ndani ya sekunde moja au mbili, maana ukichelewa anadhani amezawadiwa kwa jambo jingine. Na nyumba nzima ifanye hivyo hivyo. Mmoja akicheka na kumkumbatia anaporuka, kazi ya wiki nzima imepotea. Kamba nayo ni kusimama tu. Ikikaza, simama. Ikilegea, tembea. Siku za kwanza hamtafika mbali, vumilia. Dakika tano za mazoezi mara kadhaa kwa siku zinamtosha mbwa mdogo, akichoka hasikii tena.

Jambo jingine, na hapa najilaumu mwenyewe kwa kutoshtuka: yule mtu hakuniuliza hata cheti cha chanjo, na pale pana mbwa kibao wanalala banda moja. Parvo, ugonjwa wa virusi wa mbwa, inaua watoto wa mbwa, na chanjo yake inaanza wiki ya 6 hadi ya 8 kisha inarudiwa kila baada ya wiki chache mpaka afike angalau wiki ya 16. Ya kichaa cha mbwa usiiguse kwa mzaha. Dalili zikishaanza, hiyo karibu kila mara ni kifo, kwa mbwa na kwa mtu. Asiyeuliza hayo asikabidhiwe mnyama.

Kabla hujamwacha mbwa wako kwa mkufunzi yeyote, omba ukae utazame somo zima. Akikataa, ondoka na mbwa wako.

Jeki hii ni wiki ya tatu nyumbani. Kamba nimeiondoa ukutani, naiweka mfukoni mpaka tufike mlangoni. Jana nilikuwa nimekaa chini, akaja mwenyewe taratibu, akaweka kidevu gotini kwangu. Mkono sikuuinua.