MREJESHO: Programu yetu ya maduka ya dawa na kituo atamizi

Wakuu, salaam. Mwanzoni mwa mwaka niliuliza: sisi vijana wawili wenye programu ya kutunza hesabu za stoo kwenye maduka ya dawa, tuombe nafasi kwenye kituo atamizi (kinacholea biashara changa) au tusake mtaji kwanza? Wengi mlisema atamizi. Tulifuata, na asanteni sana.

Ushauri uliotubeba zaidi ni wa kusajili kampuni BRELA (wakala wa serikali wa usajili wa biashara) badala ya jina la biashara, kwa sababu jina la biashara halina hisa za kumpa mwekezaji. Pia tulipita jengo la COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) pale Sayansi, Kijitonyama, Dar es Salaam, tukaongea na vijana wa Buni na DTBi, vituo vya kulea biashara changa, kabla ya kujaza fomu popote. Mwishowe tulipokelewa kwingine, kituo sikitaji.

Tumepata meza, intaneti na mhasibu. Huyo mhasibu, jamani! Alitukomalia tuache kugawa huduma bure, na sasa maduka kadhaa yanalipa kila mwezi kwa simu. Mkataba wa kituo tuliupeleka kwa wakili kama mlivyosisitiza, akaondoa kipengele kilichokipa kituo haki juu ya msimbo (code) wa programu yetu.

Kilichokwama ni mtaji mbegu, yaani fedha za kuanzia. Uliahidiwa, haujatoka. Mlezi wa upande wa teknolojia naye alionekana mwanzoni, kisha kimya. Bahati nzuri waliomaliza awamu iliyopita walitudokeza kuhusu mtaji huo, kwa hiyo hatukuuweka kwenye bajeti.

Mwenye swali kuhusu vipengele vya mkataba aulize, nitajibu.