Naomba ushauri: kiuno kinanisumbua kwenye cherehani, na mazoezi ya fiziotherapia naona yananishinda kuendelea nayo

Fundi wa Njia Panda

Habari za jioni wakuu, na wakubwa wote shikamooni.

Mimi ni dada, fundi cherehani, niko Mnazi Mmoja mkoani Lindi, pale barabara ya Mtwara na ya Masasi zinapoachana. Tangu mwaka jana kiuno kinaniuma upande wa kulia. Maumivu yalikuwa yanashuka kwenye kalio, nyuma ya paja, mpaka kwenye kigimbi. Hospitali walinipima wakasema diski, ule mto laini ulio kati ya pingili za uti wa mgongo, imetokeza inagusa mshipa wa fahamu, ila si ya kupasuliwa. Nikaandikiwa fiziotherapia.

Mwanzo nilienda kwa moyo wote. Nilifundishwa kulala chali na kuinua nyonga, kulala kifudifudi nikijiinua kwa viwiko, na kukaza tumbo. Sasa mguu hauumi kama zamani, lakini kiuno chenyewe bado. Na hapo ndipo moyo unapokatika. Leo naamka vizuri, kesho kimerudi. Naona kama narudi nilikotoka.

Kubwa zaidi ni kazi. Hela ya korosho imeanza kutoka vijijini, watu wanashona za harusi, na hizo zikiisha tu zinaanza sare za shule za Januari. Nakaa kwenye stuli asubuhi mpaka usiku. Kwenda mjini kliniki ni nauli na siku nzima imepotea. Nikisema nitafanya mazoezi usiku nyumbani, usiku nafika hoi.

Halafu sijui nikaeje. Niliambiwa nikae wima muda wote, nikijaribu hata robo saa haifiki naumia zaidi. Mwingine kaniambia ninunue mkanda wa kiuno. Kwa mliopita njia hii, mlikuwa mnakaaje, na mlijishikizaje mpaka mkafika mwisho wa matibabu?

Kijana wa Masasi

Pole sana dada. Nunua mkanda, shangazi yangu ulimsaidia sana. Na upate mtu wa kukufanyia masaji kwa mafuta ya nazi ya moto.

Mbangua Korosho

Pole mdogo wangu. Mimi niko Mtwara, nabangua korosho, na wewe afadhali una stuli. Sisi tulikuwa tunakaa chini kwenye mkeka miguu imenyooshwa, mgongo umekunjika, mkono mmoja unashika punje mwingine unagonga, mpaka jua linazama. Mimi kilinishika hivyo hivyo.

Nikuulize kitu, nyumbani unakuna nazi kwenye mbuzi? Unafagia uwanja na ufagio mfupi wa chelewa? Watu huwa tunalaumu kazi ya dukani tu tukasahau za nyumbani. Mbuzi ya kukunia nazi inakukalisha chini, magoti juu, kiuno kimejikunja, na bado unatumia nguvu. Mimi nazi sasa anakuna mwanangu. Ufagio nimeufunga kwenye mti mrefu, nafagia nikiwa nimesimama.

Na mazoezi usifanye peke yako. Kikundini kwetu tuna mama mmoja ambaye mume wake alipata kiharusi, alikuwa anamfanyisha mazoezi nyumbani. Yeye ndiye alituzoesha. Akisema "haya, tuinukeni", tunainuka wote, tunatembea mpaka mwembeni na kurudi. Siku ambayo mimi sina hamu, wenzangu wanayo. Tafuta hata jirani mmoja.

Mzee wa Ghala

Binti, pole. Nilikuwa karani wa chama cha msingi cha ushirika miaka mingi. Msimu ukianza Oktoba ni kukaa mezani tu, mizani hapa, stakabadhi pale, wakulima wamejaa mlangoni na kila mmoja ana haraka. Kiuno kilinilaza.

Kilichonisaidia ni kuacha kujiuliza kila asubuhi "leo kinauma kiasi gani?" Maumivu yanapanda na kushuka, ukiyafuata hayo utachoka. Mimi nilijiwekea safari ya kwenda msikitini. Mwanzoni nilikuwa napumzika njiani mara mbili kwenye vibaraza vya watu. Baadaye mara moja. Baadaye nikafika bila kusimama, ingawa kiuno kilikuwa bado kinauma siku hiyo. Hapo nikajua napona. Wewe nawe tafuta kitu chako, labda kubeba ndoo, labda kumaliza kushona suruali nzima bila kujinyoosha.

Na mazoezi niliyafunga na swala ya alfajiri. Nikitoka kuswali sikai, nalala palepale kwenye mkeka nafanya. Kama wewe si Muislamu, yafunge na jambo jingine ambalo halikupiti kila siku. Ukisema "nikipata nafasi", nafasi haiji. Kurukuu na kusujudu kulipokuwa kunanishinda niliswalia kwenye kiti, dini imeruhusu kwa mgonjwa, nisingependa mtu ajiumize akidhani ni lazima.

Mtaalamu wa Viungo

Dada, mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, nafanya kazi huku kusini. Sijakupima, kwa hiyo anayekutibu ndiye mwenye neno la mwisho. Lakini kuna mambo umeandika ambayo naona yanakukatisha tamaa bure.

La kwanza, umesema mguu hauumi kama zamani ila kiuno bado. Hiyo ni dalili nzuri. Mshipa wa fahamu unapopungukiwa na msukumo, maumivu huondoka kwanza kule chini, kwenye kigimbi, kisha paja, yakajikusanya kiunoni. Wengine kiuno huzidi kuuma kidogo wakati mguu unapona, wakadhani mazoezi yanawaharibu, wakaacha. Cha kuogopa ni kinyume chake: zoezi likifanya maumivu yashuke tena mguuni na yabaki huko, lisimamishe umweleze mtaalamu wako.

Kuhusu kiasi, tumia sifuri mpaka kumi. Zoezi likiuma tatu au nne na asubuhi inayofuata uko kama ulivyokuwa, endelea. Likikuacha umeumia zaidi mpaka kesho yake, punguza idadi, usiache kabisa. Misuli haipati nguvu kwa wiki moja, hesabu miezi miwili hadi mitatu ya kufanya mara kwa mara.

Kukaa sasa. Aliyekuambia ukae wima muda wote alikuwa na nia njema, ila hakuna mkao mmoja ambao mgongo unaupenda siku nzima. Ukijikaza wima misuli inachoka, ukijikunja kano zinazoshikanisha mifupa ya mgongo zinavutika. Unachotakiwa ni kubadilisha, na kuinuka kila baada ya nusu saa au pungufu, hata kwa dakika moja. Stuli iwe na urefu wa kufanya nyonga zako ziwe juu kidogo ya magoti. Sogea karibu na meza, kitovu kielekee kwenye sindano. Viwiko viwe usawa wa meza. Ukiona mabega yanapanda, stuli iko chini. Ukiona unainamia kitambaa, ama meza iko chini ama mwanga hautoshi. Mafundi wengi wanaumia shingo na mgongo kwa sababu ya taa.

Mzee wa Ghala kasema vizuri, naongeza moja tu. Usiku diski hunywa maji na kuvimba kidogo, ndiyo maana asubuhi mgongo ni mgumu. Kwa hiyo ukiamka tu usianze kuinama kufagia au kuosha vyombo chini. Tembeatembea kwanza kama nusu saa. Zoezi la kifudifudi kwa viwiko halina shida asubuhi.

Mkanda: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uliotoka Desemba 2023, kuhusu maumivu ya kiuno ya muda mrefu, haupendekezi mikanda. Unatanguliza elimu na mazoezi. Masaji aliyosema kijana inaweza kukupa nafuu, ni ya kuongezea tu, haichukui nafasi ya mazoezi.

Na tafadhali hili lisomwe na kila mtu: ukipata ganzi sehemu za siri au mapajani kwa ndani, ukashindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, au mkojo ukagoma kutoka, au mguu ukalegea ghafla, usingoje kliniki, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Kiuno kinachouma pamoja na homa, jasho la usiku na kukonda nacho kipimwe haraka, kwa sababu kifua kikuu huweza kuingia kwenye uti wa mgongo.

Fundi wa Njia Panda

Asanteni sana, mzee wangu shikamoo. Sikujua kama kuumia kiuno huku mguu ukipona ni heri, nimepata nguvu kweli.

Nimepima. Stuli yangu iko chini, magoti yanapita nyonga. Nikiiinua, meza ya cherehani inakuwa chini. Pia nakatia vitambaa chini sakafuni, kwa sababu meza ni ndogo. Na cherehani yangu ni ya miguu, nakanyagia zaidi mguu wa kulia.

Mtaalamu wa Viungo

Basi hapo umepata pa kuanzia. Inua vyote viwili, stuli na cherehani. Seremala akukatie vipande vinne vya mbao vyenye shimo la kukaa miguu ya cherehani, isiteleze. Viwe vya kiasi, kwa sababu kanyagio nalo linapanda, na stuli ipimwe baada ya hapo. Kanyagia miguu yote miwili, mmoja mbele kidogo, na uibadilishe.

Kukata sakafuni ndiko kunakokumaliza kuliko hata kushona. Azima meza pana ifike usawa wa kiuno, au laza mlango wa zamani juu ya meza mbili. Na usikate nguo zote ndipo ushone zote. Kata mbili, shona, piga pasi ukiwa umesimama, rudi kukata.

Nauli: mwambie anayekutibu ukweli kwamba mahudhurio yanakushinda. Muombe programu ya nyumbani, akurekodi kwa simu yako ukifanya kila zoezi sawasawa, kisha mpange kuonana kwa nafasi. Ni bora kuliko kupotea kabisa hadi uje umebebwa.

Fundi wa Newala

Dada mwenzangu, mimi natumia bobini. Uzi wa bobini ukiisha nasimama, najinyoosha nyuma mikono kiunoni, ndipo nijaze nyingine. Sihitaji kuangalia saa. Na mteja akija kupimwa nainuka, sipimi nikiwa nimekaa.

Fundi wa Njia Panda

Hiyo ya bobini nimeanza leo hii hii. Seremala anakuja kesho kupima miguu ya cherehani. Nazi na ufagio nimeshamkabidhi mwanangu, na jirani yangu muuza ming'oko amekubali tufanye mazoezi pamoja kabla hajaenda sokoni, naye mgongo unamsumbua. Kliniki nitaomba wanirekodi kwenye simu.

Mtaalamu, swali la mwisho: sare zikizidi Januari nikashindwa kufanya yote, zoezi gani nisiliache?

Mtaalamu wa Viungo

La kifudifudi kwa viwiko, kwa kuwa ndilo linaloonekana kuuondoa mguu kwenye maumivu, na kutembea. Kuinua nyonga ukikosa siku moja moja si neno. Ila mguu ukianza kuuma tena katikati ya msimu, usisubiri sare ziishe, nenda ukaonekane.